Karani Ameandika Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na ndoo imerudi mahali pake. Ni ndoo ya buluu, inakaa katikati ya meza ya mikutano, chini ya tundu la dari ambalo kila mwaka tunakubaliana kuliziba mwaka unaofuata. Leo tumeizunguka watu kumi na wawili kuanza kupanga maboresho.

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Anasema nikiandika yaliyo kifuani nitaacha kusaga meno usingizini. Basi naandika.

Kazi yetu ni programu ambayo hospitali na zahanati hutumia kupeleka madai kwenye bima: nani katibiwa nini, lini. Kila msimu wa mvua tunaandika maombi ya wateja kwenye karatasi za rangi na kuyabandika ukutani. Kila mtu anapewa vibandiko vitano vyekundu vya kupigia kura. Ombi likipata kumi na viwili linatengenezwa. Lisipopata linahamia ukuta wa pili, ambao juu yake pameandikwa neno moja tu, MWAKANI. Msimamizi wa orodha ni mimi, na anayehamisha karatasi ni mimi. Ndiyo maana ofisi nzima inaniita Bwana Mwakani, mpaka mlinzi wa getini. Sina kinyongo. Asiyeweza kusema "mwakani" kwa uso mkavu hawezi kazi hii.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Maombi sitini na matatu ukutani. Meno bado yanasagwa, kwa ushahidi wa mke wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Dada wa Malalamiko, yule anayepokea simu za zahanati zote, kaja na karatasi yake ileile ya kila mwaka. Ilikuwa ya waridi, sasa imepauka na kujikunja pembeni. Imeandikwa: "Mfumo unakataa huduma ya pili ya siku moja."

"Bwana Mwakani," aliniambia mbele ya watu, "hii karatasi ina miaka mitatu. Ingekuwa mtoto ingeshaanza chekechea."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaibandika kule pembezoni, karibu na swichi ya taa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo kaja bila kupiga simu, na hiyo si kawaida yake. Huyu ndiye aliyenilea. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba, na mdogo wake akanichukua kabla matanga hayajaanuliwa. Ni karani wa madai kwenye kliniki ya vidonda, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mwandiko wake ungeweza kuutundika ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimesimamishwa kazi."

Alilisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Bima wameleta kliniki orodha ya makarani wanaoandika madai mara mbili, na jina lake ndilo la kwanza. Madai mia mbili na kumi na mawili kwa mwaka mmoja. Matroni kampa barua: akae nyumbani hadi mwisho wa Aprili, uchunguzi unaendelea. Kwa maneno mengine, wanamshuku wizi.

"Sasa mama, hukuwaambia kitu?"

"Niliwaambia wagonjwa wengine wanasafishwa asubuhi na jioni. Wakasema mfumo unalijua hilo, unatumika nchi nzima, haujawahi kulalamikiwa." Alikizungusha kikombe. "Mwanzo nilikasirika. Halafu wakanionyesha karatasi. Kila mstari: Karani ameandika dai hili mara mbili. Karani ameandika dai hili mara mbili. Mia mbili na kumi na mawili! Na kweli, nilikuwa nauona ujumbe ule kila mara, nadhani kidole kimeteleza, nafuta naendelea. Mtu anaweza kukuchukia akakusingizia. Kompyuta itanichukia kwa lipi? Kama imesema nimerudia, basi nimerudia. Ni kichwa, baba. Kichwa kinaniacha."

Mke wangu akasema, mama acha hizo, una akili kutushinda sote. Mimi nilimwongezea chai. Ile orodha ya makarani niliibuni mimi mwaka jana, ikapata vibandiko ishirini na kitu, na Mkuu wa kampuni akanipigia makofi. Na ile sentensi niliijua. Nyumbani wanajua tu kwamba nafanya kazi za kompyuta; za mfumo gani, sijawahi kuwaeleza. Nilimwambia, "Itakuwa makosa madogo tu, mama. Itaisha."

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kabla ya wote, nikafungua kumbukumbu za kliniki yake. Niliomba Mungu nikute amekosea. Naandika kama ilivyo: niliomba mama yangu mdogo awe amekosea.

Hajakosea hata mara moja. Madai yote mia mbili na kumi na mawili ni ya kweli. Mzee wa mguu wa sukari, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mama aliyeungua na mafuta, saa mbili na saa tisa. Kaandika saa, kaandika jina la muuguzi, kila kitu mahali pake. Mfumo ndio hauangalii saa. Unaangalia mgonjwa, huduma na tarehe. Vikifanana vyote vitatu, dai la pili linatupwa na lawama anapewa karani.

Zamani ulikuwa unaangalia saa. Miaka mitatu iliyopita nikaamuru iondolewe, kwa sababu zahanati nyingi zilikuwa zinaacha pale pa saa wazi na madai yanakwama. Ilikuwa Ijumaa jioni, mkoba uko begani. Fundi, ambaye ndiye anayeiandika programu yenyewe, aliniuliza, "Na wanaotibiwa mara mbili kwa siku?" Nikamjibu, "Wachache hao. Tutawaangalia mwakani." Akauliza ujumbe usomekeje. Yeye alikuwa ameandika: Huenda dai hili limerudiwa. Nikasema ni legevu, na hiyo "huenda" itatuletea simu nyingi za kubishana. Weka: Karani ameandika dai hili mara mbili. Ikachukua dakika nne, nikawahi usafiri.

Saa nne nilikwenda kwa Mkuu. Kabla sijafungua mdomo akaniambia mkataba wa bima unatiwa saini tarehe ishirini na sita Aprili, na baada ya hapo atanipa idara nzima ya mipango. "Mpaka siku hiyo," akasema, "mfumo wetu hauna kosa hata moja. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Sikusema.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Sikusema. Ndoo imemwagwa mara tatu.

Jumapili, 17 Machi

Tumekwenda kula kwa mama mdogo. Mezani kulikuwa na daftari dogo la mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi. Nilidhani ni la mahesabu ya nyumba. Nikalifungua wakati yuko jikoni.

Saa moja na nusu, nimezima jiko. Saa mbili kasoro kumi, nimefunga mlango wa nyuma. Saa mbili, nimekunywa dawa ya presha. Saa mbili na dakika tano, jiko limezimwa, nimeangalia tena.

Chakula hakikuwa na chumvi hata punje. Mke wangu alikula akanyamaza, mimi nikajifanya hamnazo. Mama mdogo alionja, akaweka kijiko chini.

"Niliogopa nimeshatia," akasema.

Tukacheka kidogo, kila mmoja akijitilia chumvi kwenye sahani yake. Njiani mke wangu alisema, "Huyu mtu wamemvunja. Na aliyefanya hivi anakula vizuri kwake." Nikasema ndiyo.

Jumanne, 19 Machi

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimemuuliza Mkuu kwa kuzunguka: je, kama kungekuwa na kanuni moja inayokosea kidogo, tukairekebisha kimya kimya?

"Ukigusa kanuni, bima wanapata taarifa. Mkataba ndivyo unavyosema. Wakipata taarifa watauliza kwa nini." Akanitazama juu ya miwani. "Kuna kanuni inayokosea?"

"Naulizia tu."

"Wewe si ndiye Bwana Mwakani? Weka mwakani."

Ijumaa, 22 Machi

Siku ya kura. Nimebandika vibandiko vyangu vyote vitano kwenye karatasi ya waridi iliyopauka. Nilifanya haraka kama mtu anayeiba. Dada wa Malalamiko aliniona.

"Leo jua limetokea wapi?" akasema.

Ikapata saba. Vitano vyangu, viwili vyake. Ombi la kubadilisha rangi ya ukurasa wa mwanzo lilipata kumi na tisa. Nikaing'oa karatasi, nikaihamishia MWAKANI kwa mkono wangu huuhuu.

Nilikuwa nimejipangia kwamba ikipita, kosa litarekebishwa na hakuna atakayejua aliyelifanya. Ndiyo ushujaa wangu wote. Kuuma na kupuliza, kama panya.

Jumatano, 27 Machi

Mke wangu anasema sasa nasaga meno hata nikiwa macho.

Jumanne, 2 Aprili

Mama mdogo kapiga simu ofisini. Anataka kuonana na daktari wa kumbukumbu, lakini anaogopa kupotea kwenye korido za hospitali kubwa. Huyu ni mtu aliyenifundisha kusoma ramani. Nimemwambia nitampeleka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika yote, maana nikiruka hata moja nitakuwa najidanganya.

Alivaa gauni lake la sherehe na viatu vya kazini. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kwa karibu saa mbili. Alikuwa na daftari lake mapajani, akaandika muda tuliofika. Kila muuguzi aliyepita alimwamkia, naye akaniambia kwa sauti ndogo jina la kila mmoja kutoka kwenye beji, ajipime.

Daktari alikuwa mpole. Akamtajia maneno matano ayashike: jembe, pazia, limau, kanisa, kamba. Akamwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mama mdogo alichora duara kamili kama limepigwa kwa bikari, namba zote zimekaa, mishale sawasawa. Akaulizwa tarehe, akataja na siku. Akaulizwa atoe saba kwenye mia, kisha saba tena na tena. Akaenda mpaka daktari akamwambia imetosha. Akarudi kwenye yale maneno. Jembe, pazia, limau, kamba. Akakwama. Akaukunja mkono juu ya daftari. Nikaushika.

Lilikuwa kanisa. Nilikuwa nalijua. Ni ajabu jinsi nilivyotaka kumnong'oneza neno hilo, mimi niliyekuwa nimelikalia neno jingine ambalo lingemponya palepale.

"Nini kilichokufanya uje?" daktari akauliza. "Kuna kitu ulikisahau kikakutisha?"

"Mimi mwenyewe sikuona kitu," akasema. "Kompyuta ya kazini ndiyo iliyogundua. Kabla yangu."

Daktari akanigeukia. "Wewe mwanawe umeona mabadiliko yoyote?"

Hapo ndipo pa kusema palikuwa. Mlango umefungwa, mtu mwenye koti jeupe ameuliza, na mama anasubiri jibu langu kwa macho makubwa kama ya mtoto. Nikasema, "Anakuwa na wasiwasi tu. Siku hizi hatii chumvi."

Daktari akasema haoni ugonjwa, neno moja kusahaulika ni kawaida, labda ni mawazo, ila arudi baada ya miezi sita waangalie tena. Kati ya yote hayo mama mdogo alisikia moja: arudi. Kwenye korido alisimama akaandika kwenye daftari lake, akilikinga na mkono nisione. Kisha akanishika kiwiko.

"Ahsante, mwanangu. Kama si wewe ningekuja na nani?"

Nimemrudisha nyumbani. Nimerudi ofisini. Nimehudhuria kikao kuhusu rangi ya ukurasa wa mwanzo.

Ijumaa, 5 Aprili

Siwezi kula.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua haijakatika siku ya nne. Nimejaribu kumwambia mke wangu. Nikaanza, "Unajua ile kompyuta ya kliniki..." akasema, "Wallahi nikimjua aliyeitengeneza nitamfuata mpaka kwake." Nikamwambia ni mfumo wa watu wengi. Akaenda kukunja nguo.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mdogo ameandika barua ya kujiuzulu. Ataipeleka Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na mbili. "Bora niondoke na miguu yangu kuliko kutolewa," alisema, "niwaachie kazi wenye kumbukumbu zao." Alinipa niisome. "Angalia vizuri, usije ukakuta nimeandika sentensi moja mara mbili."

Barua ni ya ukurasa mmoja. Anasema: "Nakiri kwamba kwa muda usiojulikana nimekuwa nikirudia madai bila kujitambua, na ninaiomba radhi kliniki." Sahihi yake chini, imenyooka kama siku zote. Akishaipeleka, uchunguzi unafungwa. Mkosaji atakuwa amekiri. Hakuna tena atakayefungua kumbukumbu zile, na yeye atazeeka akiamini kichwa chake kilioza akiwa na miaka hamsini na tisa.

"Iko sawa?" akauliza.

Nikachukua kalamu, nikamwekea nukta moja mahali palipokosekana.

"Ulikuwa unapenda nukta tangu darasa la pili," akasema, akafurahi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, alizoea kuniambia nikificha kidonda ili nisipakwe dawa. Mimi sijaficha langu peke yangu. Nimembambikia yeye ugonjwa ambao hana.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo ndiyo siku ya kufunga orodha. Mwakilishi wa bima alikuja, kiti chake kikawekwa mbali na ndoo. Mkuu alivaa tai. Mimi nilisoma maboresho yaliyopita, moja hadi tatu, na kila nikigeuza ukurasa tone moja linaanguka ndooni.

Mwakilishi akashukuru. Akasema bima imependezwa hasa na kazi ya mwaka jana, ile orodha ya makarani. "Imetusaidia sana. Tumewanasa thelathini na wanane mpaka sasa."

Thelathini na wanane. Wiki sita nimelala na mtu mmoja rohoni, sikuwahi kuuliza wako wangapi. Kumbe hata majuto yangu yalikuwa ya kujipendelea.

Nikajikuta niko kwenye ukuta wa MWAKANI. Nikaing'oa karatasi ya waridi, nikaiweka mezani mbele ya mgeni.

"Hao thelathini na wanane hawajakosa," nikasema. "Sijui wote, lakini mmoja nimemkagua dai kwa dai, na ni safi. Kanuni ni mbovu. Haiangalii saa. Niliiondoa mimi saa, na ule ujumbe wa kumlaumu karani niliuandika mimi."

Mkuu akacheka, kicheko cha kufunika chungu. "Mwenzetu amechoka, msimu ni mrefu."

"Sijachoka."

Fundi alikuwa anaangalia meza. "Nilikuuliza siku ile," akasema taratibu. "Kuhusu wanaotibiwa mara mbili."

"Uliniuliza."

"Ukasema mwakani."

"Nilisema."

Mwakilishi akatoa kalamu. "Umelijua hili tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana. Hakuna ambaye angejua. "Tangu tarehe kumi na moja mwezi uliopita," nikasema, na nikamwona Dada wa Malalamiko akihesabu kwa vidole chini ya meza.

Mkuu akaniambia nitoke. Nilipokuwa natoka na vitu vyangu mlinzi wa getini akauliza, "Bwana Mwakani, mbona mapema leo?" Nikamwambia nimechelewa.

Mke wangu nimemwambia jioni, yote, mpaka ya daktari. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na chumvi ile ulikuwa unaila ukijua?" Halafu akahamia chumba cha watoto.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimesimamishwa kazi, kwa barua. Maneno yake ni yaleyale aliyopewa mama mdogo, nadhani barua hizi zina kiolezo kimoja.

Fundi kapiga simu mchana. Bima wameagiza kanuni ibadilishwe leo leo. "Imenichukua saa mbili na dakika kumi," akasema. "Miaka mitatu ukutani, kazi ya saa mbili." Kisha: "Na ujumbe niandike nini?"

"Andika ulichotaka kuandika siku ile."

"Nimeshasahau."

"Mimi sijasahau," nikasema, nikamtajia.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilifika kwake saa tisa. Mvua ilikuwa imepumzika, mama mdogo anafagia maji barazani. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba aketi. Akaketi na ufagio mkononi.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba njia nzima. Zikatoka sentensi tatu tu: madai yako yote ni ya kweli, kosa ni la mfumo, mfumo nimeuharibu mimi.

Kwanza uso ukamfunguka, nikaona furaha ikipanda kama mtu aliyeambiwa mtoto amepatikana. "Kwa hiyo mimi mzima?" akasema. "Kichwa changu kizima?"

"Kizima, mama."

"Nilijua! Yule mzee wa mguu anakuja na redio yake asubuhi, jioni anakuja bila redio. Nilikuwa nawaambia..." Akakatika. Nikaona furaha ikisimama katikati ya uso wake. "Ulijua lini?"

Nikamwambia tarehe.

Akaingia ndani, akarudi na daftari lake. Akalifungua, akawa anapitisha kidole chini ya tarehe, bila haraka, kama anavyokagua madai. Alipofika alipotaka akanipa.

"Soma. Kwa sauti."

Nikasoma: "Alhamisi tarehe nne. Saa tano na nusu. Nimesahau neno moja. Mwanangu amenishika mkono, wa kwake ulikuwa baridi, nimemtia hofu. Nisimsumbue tena na ugonjwa wangu."

"Ulinipeleka kwa daktari ukijua."

"Ndiyo, mama."

"Na barua yangu ukaniwekea nukta."

"Ndiyo."

Nilitaka kupiga magoti. Akaona, akasema, "Kaa hapohapo ulipo." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata hilo lilinitia aibu, maana haikuwa zamu yangu.

"Kompyuta nilishaisamehe," akasema baadaye. "Haina akili, imetumwa. Lakini wewe nilikulea." Akachukua ufagio wake, akaendelea kufagia pale alipoishia. "Nenda nyumbani. Jumatatu utakuja kliniki, utasimama mbele ya Matroni na wauguzi na wafagizi, utayasema haya kama ulivyoyasema hapa."

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda. Nimesema. Wagonjwa nao walikuwepo. Mzee wa mguu wa sukari, redio kwapani, akasema, "Kwa hiyo ulidhani mimi nakuja jioni kutembea?" Mama mdogo hakucheka. Aliingia ofisini kwake, akafuta vumbi kwenye kiti.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkataba haukutiwa saini leo. Wameahirisha. Dada wa Malalamiko kanitumia orodha ya majina thelathini na wanane na namba za simu, na neno moja: "Anza."

Alhamisi, 2 Mei

Nimewapigia wote isipokuwa mama mdogo, nikiwa kwenye meza ya watoto ya kusomea. Thelathini na watatu wamenisikiliza. Wengine walinitukana, wengine walinyamaza, mmoja aliniombea, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Watatu kati yao walishajiuzulu. Wanne simu hazipatikani. Namba zao nimeziandika hapa nyuma ya daftari, nitaendelea kupiga.

Mke wangu karudi chumbani. Anasema nimeacha kusaga meno.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Nilikwenda kwa mama mdogo nikidhani hatanifungulia. Alifungua, akaitikia salamu, akarudi jikoni. Nilikaa sebuleni peke yangu. Kutoka kule nilimsikia akitia chumvi chunguni na kufunika, na hakuja kuandika.

Daftari lilikuwa mezani, uzi umefungwa kulizunguka.

"Fungua ukitaka," akasema kutoka jikoni. "Hutaki kusoma ya watu leo?"

Nikafungua. Ukurasa wa mwisho kuandikwa ulikuwa wa tarehe ishirini Aprili, baada ya hapo kurasa ni tupu. Mwandiko umenyooka, nukta zote zipo.

Saa tisa na robo. Kichwa changu kizima. Aliyeniumiza ni mwanangu, na amekuja kuniambia mwenyewe. Huenda nikamsamehe.

Nikalifunga, nikarudisha uzi kama ulivyokuwa. Aliponiita nikamenye vitunguu, nikaenda.